Kuta, Bati na Wi-Fi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Nyumba Mbeya, Iringa na Njombe

Majibu haya ni ya anayejenga, aliyehamia nyumba ya kupanga, au aliyekwisha kununua ruta ya pili na bado chumba cha mwisho hakina mtandao. Namba za makato tulizoweka ni makadirio ya kufanyia kazi, kwa sababu ukuta wa fundi huyu haulingani na wa yule. Mpangilio wao ndio hauchezi sana: chuma kinakata kuliko zege, zege kuliko tofali, tofali kuliko mbao.

Sebuleni mtandao unakimbia. Kwa nini chumba cha mwisho hakuna kitu?

Hesabu kuta kabla ya kulaumu kifurushi. Kila ukuta unachukua chake, kama makato ya mshahara, na kinachofika mkononi ndicho cha kutumia. Kipimo ni desibeli: zikipotea 3, nguvu imebaki nusu, zikipotea 10, imebaki sehemu moja ya kumi, zikipotea 20, moja ya mia.

Nguvu ya Wi-Fi inayofika kwenye simu husomwa kwa namba hasi. Ukisoma -45 uko karibu na ruta. Kwenye -65 video inakwenda bila kukwama. Kwenye -75 picha ya WhatsApp inatumwa kwa kusuasua, na ukishafika -85 simu itakuambia imeunganishwa lakini hakuna kitakachofunguka.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu Uyole, ya tofali za kuchoma. Chumba cha mwisho kiko mita 8 kutoka kwenye ruta, katikati kuna kuta tatu. Ruta inarusha miliwati 100, ambazo kwenye kipimo hicho ni +20. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, hewa tupu ya mita 8 inakula 58, unabaki na -38. Kuta tatu kwa 8 kila mmoja ni 24. Chumbani unapata -62, mpira unautazama vizuri tu.

Hamia gigahezi 5 kwenye ruta hiyohiyo. Hewa inakula 65, unabaki na -45. Kuta zilezile sasa zinakata 15 kila mmoja, jumla 45. Unafika na -90, yaani hakuna kitu. Ndiyo maana jina la mtandao lenye "5G" mwishoni (ambalo halihusiani kabisa na 5G ya kampuni za simu) linapotea ukivuka korido. Sebuleni tumia gigahezi 5, ina kasi zaidi. Vyumba vya mbali viachie 2.4.

Kipi kinakata kiasi gani?

Kwa gigahezi 2.4, makadirio ya desibeli ni haya:

- Jipsamu, siling bodi, mlango wa mbao, mbao kavu za paini: 2 hadi 4
- Kioo cha kawaida: 2 hadi 3
- Ukuta wa tofali ya kuchoma iliyosimamishwa, sentimita 10 hadi 12: 4 hadi 8
- Tofali ya kuchoma ya kulaza, sentimita 20 na zaidi: 8 hadi 12
- Tofali za saruji za inchi 6 zenye plasta pande zote: 8 hadi 12
- Zege lenye nondo, sentimita 15: 15 hadi 25
- Kioo cha rifleksi: 15 hadi 30
- Bati, mlango wa chuma, kontena: 25 na kuendelea

Kwenye gigahezi 5, tofali na zege hukaribia kukata mara mbili ya hapo. Mbao na jipsamu haziongezeki sana. Kwa chuma usihangaike na namba: kinachofika upande wa pili mara nyingi kimezunguka pembeni au kimepenya kwenye upenyo.

Kwa hiyo tofali za kuchoma ni mbaya kuliko za saruji?

Hapana. Sentimita kwa sentimita, tofali kavu iliyoiva vizuri inapitisha mawimbi sawa na ya saruji au hata zaidi. Kinachotuponza huku kwetu ni unene. Watu wengi wanalaza tofali ili nyumba itunze joto wakati wa kipupwe, na kwa baridi ya Makete huwezi kuwalaumu. Nyumba za zamani zenye kuta za mawe na meko ya ukutani ni ngumu zaidi; ukuta mmoja wenye meko unaweza kukata kama kuta tatu za kawaida.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wa intaneti hawaliangalii, nalo ni pembe. Ukuta wa sentimita 23 ukivukwa moja kwa moja ni sentimita 23. Ukivukwa kwa mshazari wa nyuzi 45, mstari ulionyooka unapita ndani ya tofali kama sentimita 32. Kwa nyuzi 60, sentimita 46. Ruta iliyowekwa mwisho wa korido inavuka kuta za vyumba karibu sambamba nazo, hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa. Isogeze hadi katikati ya korido, itazame milango, utaona tofauti bila kutoa hata shilingi.

Halafu ipo linta. Zege lile lenye nondo linazunguka kuta zote juu kidogo ya milango, karibu mita 2.1 kutoka sakafuni. Ruta iliyopandishwa juu ya kabati la nguo inakaa usawa wake. Iweke kati ya mita 1.2 na 1.8.

Mvua zikianza mtandao wa ndani unapungua. Ni kweli au tunajidanganya?

Inategemea nyumba. Mvua yenyewe ikinyesha nje haigusi Wi-Fi wala simu kwa kiasi cha kuonekana. King'amuzi cha dishi ndicho kinachopotea wingu likiwa zito, kwa sababu kinatumia masafa ya gigahezi 10 hadi 12, na huko matone yanakata kweli.

Ukuta ulioloa ni habari nyingine. Maji hunyonya mawimbi haya, na tofali mbichi au tofali isiyoiva vizuri hunywa maji kutoka chini ikiwa msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu. Tukuyu, ambako mvua hazikauki, ukuta wa tofali mbichi wa upande unaopigwa na mvua unaweza kukata wazi zaidi kuliko ukuta wa ndani uliojengwa kwa tofali zilezile. Dawa yake ni ya ujenzi: mfereji kwenye paa, plasta ya nje, upenu mrefu.

Nyumba mpya nayo inasumbua. Zege na plasta vikiwa vibichi vina maji mengi, na kukauka kunachukua miezi, hasa kwenye baridi. Usipime na kuamua kununua vifaa wiki ya kwanza baada ya plasta. Subiri.

Nyumba imeezekwa bati. Simu haishiki mtandao mpaka nitoke nje. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha nyumba ndiyo yenye kosa. Kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kwa namba. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Simama nje, mita 3 kutoka ukutani, subiri nusu dakika, andika namba. Ingia ndani, simama katikati ya chumba, andika tena. Fanya hivyo pande zote nne za nyumba.

Nje ukisoma -85 na ndani -108, nyumba inakula 23 na kuna la kufanya. Nje ukisoma -112, nyumba haina hatia. Mnara uko mbali au kilima kimekaa katikati. Hali hii ni ya kawaida kwa nyumba zilizo mabondeni, au zilizo upande wa pili wa mwamba zikitazamwa kutoka mnarani.

Ikiwa nyumba ndiyo inayokula, jua kwamba bati halipitishi kitu. Mawimbi yanaingia madirishani, kwenye milango ya mbao na kidogo kupitia tofali. Ukiwa chini ya mlima, kwa mfano chini ya Loleza, na mnara uko juu, mawimbi yanashuka kwa mshazari na kugonga paa badala ya dirisha. Badilisha bati moja la upande wa mnara, weka la plastiki linalopitisha mwanga. Lile halina chuma, na chini yake siling bodi au jipsamu inakata kidogo tu. Kagua chini ya bati pia: ile karatasi ya fedha ya kuzuia joto na baridi ni alumini, na ukiiacha hapo umefungua tundu lisilo na kazi.

Madirisha yana nondo na wavu. Vinaziba?

Nondo zilizosimama peke yake, zikiachana sentimita 10 au 12, zinakata kidogo. Nondo zilizopishana na kufanya miraba midogo zinakata zaidi, hasa kwa masafa ya simu ya megahezi 800 na 900, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 33 hadi 37. Tundu la sentimita 10 kwake ni dogo.

Wavu ndio wa kuuchunguza. Chomoa uzi mmoja pembeni, ukunje kwa kucha. Ukirudi kunyooka ni wa nailoni au fiba, usiuguse. Ukibaki umekunjika ni waya, na wavu wa waya wenye matundu ya milimita moja au mbili ni kama umebandika bati dirishani. Ubadilishe.

Vioo vya giza je?

Kuna aina mbili, na zinachanganywa sana. Kioo chenye rangi iliyochanganywa ndani, cha kahawia au kijivu, kinapita kama kioo cha kawaida. Kioo cha rifleksi, kile ambacho mchana mpita njia anajitazama uso wake, kina tabaka jembamba la chuma. Jaribio ni rahisi: simama ndani mita moja kutoka dirishani, soma namba ya nguvu ya mawimbi kwenye simu, slaidi dirisha wazi, soma tena. Ikiruka kwa 10 au zaidi, kioo ndicho.

Fremu yangu Mwanjelwa ina slabu juu na shata mbele. Nikishusha shata meseji za miamala hazifiki.

Umejifungia kwenye boksi la chuma na zege. Jaribu kuiweka simu ya wakala kwenye tundu la hewa lililo juu ya shata au dirisha dogo la nyuma, si chini ya kaunta. Kama fremu ni yako, acha nafasi juu ya shata, angalau sentimita 40 kwenda juu kwa upana wote wa mlango, ufunge kwa nondo zilizosimama na kioo cha kawaida. Wezi hawapiti, mawimbi yanapita.

Nikinunua ruta yenye antena nane itafika?

Mara chache. Nguvu ya kurusha ina ukomo wa kisheria, na ruta ya bei ndogo mara nyingi imeshaukaribia. Tatizo la pili halionekani dukani: simu nayo inapaswa kujibu. Simu inarusha kwa nguvu ndogo kuliko ruta, kwa hiyo unaweza kuona mistari yote imejaa huku ombi lako la kufungua ukurasa likifia ukutani. Kupaza sauti ya upande mmoja hakumsaidii asiyesikika.

Ripita, meshi au waya?

Waya.

Ripita ya kuchomeka kwenye soketi mara nyingi hupokea na kurusha kwa redio moja, hivyo kasi hushuka hadi kama nusu. Kosa linalorudiwa kila siku ni kuichomeka kwenye chumba kisicho na mtandao. Haina cha kurudia. Ikae pale ambapo simu inasoma -60 hadi -65, kwa kawaida katikati ya njia. Vifaa vya meshi (ruta ndogo kadhaa zinazopokezana mtandao mmoja) ni bora kidogo, lakini vikizungumza kwa gigahezi 5 kupitia kuta tatu za kulaza, vinakutana na -90 ileile tuliyohesabu juu. Kebo ya mtandao hupita pembeni mwa kuta zote na haipotezi kitu mpaka mita 100.

Bado najenga. Niandae nini?

Huu ndio wakati wa bei rahisi, kabla ya plasta. Kwa nyumba ya vyumba vitatu au vinne:

- Paipu za plastiki za milimita 25, si 20. Kebo mbili na plagi zake hazipiti vizuri kwenye 20.
- Kebo ya mtandao aina ya Cat6, mita 50 hadi 60. Dai ya shaba tupu. Kwaruza waya kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba; inakatika kwenye kona na inapasha moto inapobeba umeme wa kifaa cha dari.
- Aksesi pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi kutoka kwenye kebo) mbili za dari, moja korido ya vyumba, moja sebuleni.
- Swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye kebo hiyohiyo, ili usivute soketi hadi darini.
- Plagi za RJ45 kumi. Utaharibu kadhaa.

Paipu zote zianzie sehemu moja, ambapo ruta itakaa na soketi ya umeme ipo. Acha waya wa kuvutia ndani ya kila paipu. Kona ziwe za kupinda taratibu; kiwiko cha nyuzi 90 kinakwamisha kebo na fundi ataishia kuivuta kwa nguvu hadi ikatike ndani. Kaa mbali na nyaya za umeme kwa sentimita 20 au 30, na kama lazima zipishane, zipishane kwa msalaba.

Mpangilio wa rangi, pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kebo ikifanya kazi lakini haivuki megabiti 100 kwa sekunde, karibu kila mara waya mmoja kati ya minne ya bluu na kahawia haujashika. Kata plagi, rudia.

Aksesi pointi ifunge chini ya siling bodi. Juu yake kuna joto la bati mchana na unyevu usiku, na panya.

Nina ruta ya zamani kabatini. Inaweza kuwa aksesi pointi?

Ndiyo, na ni kazi ya dakika 15. Iunganishe na kompyuta, ingia kwenye mipangilio yake. Badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2 ikiwa ruta kuu ni 192.168.1.1. Zima DHCP (kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta); usipoizima, ruta mbili zitagawa anwani na simu zitakuwa zinapata mtandao leo na kukosa kesho. Weka jina na nywila sawa na za ruta kuu. Chaneli ya 2.4 iwe 1 kama ruta kuu iko 6 au 11. Kisha kebo kutoka ruta kuu ichomekwe kwenye tundu la LAN, si lile la WAN lenye rangi tofauti.

Ruta ya laini ya simu niiweke wapi?

Ina kazi mbili zinazopingana: kuupata mnara na kukufikia wewe. Fungua ukurasa wake wa mipangilio utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -90 ni nzuri, chini ya -110 ni taabu. SINR juu ya 13 ni nzuri. Ikiwa karibu na 0, mistari mitano haitakusaidia. Zungusha ruta dirisha kwa dirisha, dakika mbili kila moja, uchague lenye SINR kubwa. Mara nyingine dirisha la upande wa pili linashinda kwa sababu mawimbi yanagonga kilima na kurudi.

Antena ya nje inasaidia, ila angalia waya wake. Mita 10 za RG58, waya mwembamba wa antena, zinakula desibeli 8 au 9 kwenye masafa ya megahezi 1800. Antena inayoongeza 9 inakuwa imeliwa yote njiani. Bora ununue ruta ya nje inayofungwa kwenye nguzo, ishuke ndani kwa kebo ya Cat6. Nguzo ipate waya wake wa ardhini.

Buster za kukuza mtandao wa simu?

Kifaa kinachorusha kwenye masafa ya kampuni ya simu kinahitaji kibali. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ndiyo yenye mamlaka. Buster isiyoidhinishwa ikijisikia yenyewe huanza kupiga kelele kwenye masafa na kuwaharibia majirani mtaa mzima. Acha.

Nyumba yangu ni ya mbao, Mafinga.

Una bahati. Ruta moja katikati inatosha, hakikisha tu haiko nyuma ya jiko la chuma au simtanki iliyojaa maji.

Ruta ndani ya kabati la TV, au nyuma ya TV?

Hapana. Mgongo wa TV ni chuma, na kama kabati lina kioo cha kujitazama, nacho kina tabaka la chuma.

Nataka kupeleka Wi-Fi nyumba ya uani, mita 30. Kebo ya nje inatosha?

Urefu unatosha, radi ndiyo shida. Nyanda za Juu Kusini zina radi za kutosha kati ya Novemba na Aprili, na kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili hubeba mshtuko hata radi ikianguka jirani. Ruta zote mbili huungua, wakati mwingine pamoja na TV iliyounganishwa kwa kebo. Tumia fiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga badala ya umeme: mita 40, vigeuzi viwili vya kuiunganisha na kebo ya kawaida, na paipu iliyofukiwa sentimita 45. Fiba isiwe na waya wa chuma wa kuibeba, au kama unao, ukate nusu mita kabla ya kuingia ndani.